Mdomo Unaochelewa Nyuma ya Sauti Katika Kibonzo

Swali: Ninatengeneza peke yangu vibonzo vya kinjozi vya dakika tatu tatu na kuviweka mtandaoni, nachora, naigiza sauti za wahusika wote, kisha nahariri. Ninachora kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, natoa kila fremu kama picha ya PNG, halafu naziunganisha picha hizo na sauti katika programu ya kuhariri. Mwanzoni mdomo na sauti huenda sambamba, lakini kadiri kibonzo kinavyosonga sauti hutangulia, na dakika ya tatu inapoisha mdomo umechelewa kwa fremu nne hivi. Rafiki yangu ananishauri niache kama kilivyo, kwa kuwa katika njozi lolote huwezekana. Je, niongeze kasi hadi fremu 60 ili mdomo uifikie sauti?

Jibu: Usiongeze kasi, wala usiufuate ushauri wa rafiki yako. Maelezo yako yenyewe yamebeba jibu, kwa sababu umetaja mambo mawili yanayotosha kumtambulisha mkosaji: pengo linakua taratibu badala ya kuwapo tangu mwanzo, na linafikia fremu nne baada ya dakika tatu. Kibonzo chako kina fremu 4,320. Zikionyeshwa kwa kasi ya 24 zinamalizika katika sekunde 180 kamili, lakini zikionyeshwa kwa kasi ya 23.976, kama inavyoelekea programu yako ya kuhariri inafanya, zinachukua sekunde 180.18, na hiyo ziada ya sekunde 0.18 ndiyo fremu zako nne. Kama programu ingekuwa imezichukua picha kwa kasi ya 25, kibonzo kingefupika kwa zaidi ya sekunde saba na ungeligundua kosa kabla ya kumaliza kukitazama.

Kasi hiyo yenye desimali ni urithi wa televisheni ya Marekani, ambayo kiwango chake cha picha za rangi kilipoidhinishwa mwaka 1953 kilipunguza kasi kutoka fremu 30 hadi 29.97, ili mawimbi ya rangi yasigongane na mawimbi ya sauti. Filamu za fremu 24 zilizorushwa kwa mfumo huo zikalazimika kupunguzwa kwa uwiano uleule. Programu nyingi za kuhariri bado zinaitoa kasi hiyo kama chaguo, na baadhi huandika 24 mahali ambapo kwa kweli zinakusudia 23.976, jambo ambalo mimi huliona kuwa uzembe usiosameheka. Kwa upande wake, mfululizo wa picha za PNG haubebi taarifa yoyote ya kasi. Programu inapoupokea huupa kasi iliyowekwa katika mipangilio yake, bila kukuuliza.

Tiba basi ni kuweka mradi wa kuhariri katika kasi ya 24 kamili kabla ya kuingiza chochote, kubadilisha mpangilio wa programu unaohusu kasi ya mfululizo wa picha uwe 24, kisha kuziingiza picha upya. Tumia sauti ya WAV iliyorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa kuwa faili ya MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni, nao huzaa pengo la aina nyingine, lile lisilokua. Ili usitegemee macho yako peke yake, tia fremu moja nyeupe pamoja na mlio mfupi mwanzoni mwa kazi na mwishoni mwake. Alama zote mbili zikikutana na milio yake, kila kilicho katikati kiko salama, nawe unaweza kuzikata kabla ya kuchapisha.

Watengenezaji waliotangulia walipambana na tatizo hili katika sura nyingine. David Firth wa Uingereza alipoanza kuonyesha mfululizo wake wa vibonzo Salad Fingers mwaka 2004, vibonzo vya Flash, programu ya zamani ya vibonzo vya mtandaoni, havikuwa video; kompyuta ya mtazamaji ndiyo iliyochora kila fremu papo hapo, na kompyuta dhaifu ilichelewa huku sauti ikiendelea mbele. Ndiyo maana Flash ilikuwa na mpangilio wa kuifanya sauti iwe kiongozi, ili picha ziruke fremu pale zinapochelewa.

Kuhusu fremu 60, hesabu yake inakatisha tamaa. Dakika tatu zingekuhitaji fremu 10,800, ilhali ukichora kwa kasi ya 24 na kukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, unahitaji michoro 2,160 tu, na mingi kati ya hiyo unaweza kuitumia tena. Kuiachia kompyuta ijaze michoro ya katikati hakukuokoi, kwa sababu hulainisha kila kitu kwa kiasi kilekile, na kibonzo cha kinjozi hupata nguvu yake katika kutolingana: mwili uliokaa kimya kwa sekunde nne huku mdomo ukienda haraka hutia wasiwasi kuliko mwili unaoelea bila kukoma. Mdomo ndio pekee ninaoupa mchoro mpya kwa kila fremu, tena pale tu usemi unapokimbia. Kwa usemi wa Kiswahili, ambao silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, maumbo matano ya irabu, moja la midomo iliyofungwa kwa ajili ya m, b na p, na moja la meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, yanabeba sehemu kubwa ya kazi.

Rafiki yako ana hoja moja ya haki, kwamba mdomo usiooana na sauti unaweza kuwa chombo cha sanaa. Lakini lazima uwe wa kuchagua. Vipimo vya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, vinaonyesha kwamba watazamaji huanza kutambua sauti iliyotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, ambazo ni fremu moja tu na ushei, ilhali sauti iliyochelewa huanza kutambuliwa ikifikia milisekunde 125 hivi, yaani fremu tatu. Kosa lako liko upande ule unaotambulika upesi, tena linabadilika kila sekunde, kwa hiyo mtazamaji analisoma kama hitilafu ya faili. Ukitaka mhusika atishe, mpe pengo lisilobadilika la fremu nane au zaidi tangu neno lake la kwanza, naye awe peke yake mwenye sifa hiyo huku wengine wote wakisema sawasawa.

Vibonzo vya zamani ambavyo umebaki na video yake bila michoro havihitaji kuchorwa upya. Itenganishe sauti na picha, punguza mwendo wa sauti hadi asilimia 99.9, kisha uirudishe kuanzia fremu ya kwanza. Badiliko la sauti ni dogo mno kusikika, na mwisho wa dakika ya tatu utalingana na mwanzo wake.