Maswali ya wasomaji: GIST na dawa ya kila siku

SWALI: Niliondolewa uvimbe wa GIST (aina ya saratani inayoota kwenye kuta za mfumo wa chakula) tumboni, sasa nameza imatinibu miligramu 400 kila siku. Nikiamka macho yamevimba, usiku misuli ya miguu inakaza, na kichefuchefu hakiniachi. Je, niipumzishe kidogo?

JIBU: Tafadhali usiipumzishe bila kumwambia daktari. Baada ya upasuaji, wenye hatari kubwa ya uvimbe kurudi kwa kawaida huimeza miaka 3. Aliyebaki na uvimbe mwilini huendelea nayo maadamu inafanya kazi, kwani ikikatizwa, mara nyingi uvimbe huanza kukua tena. Madhara unayoyataja yanatulizika.

Tuanze na kichefuchefu. Imatinibu hukera utando wa tumbo, na anayeimeza tumbo tupu kwa funda moja la maji huenda akaumia. Imeze pamoja na mlo mkubwa kuliko yote ya siku, kwa glasi kubwa ya maji iliyojaa, kisha usilale kwa saa 2. Kidonge kikikushinda, kikoroge katika mililita 200 za maji au juisi ya tufaha, unywe mara tu kinapoyeyuka. Ukitapika, usirudie dozi siku hiyo. Ukisahau ukakumbuka wakati wa dozi inayofuata umekaribia, meza hiyo moja tu. Usimeze mbili pamoja.

Macho huvimba kwa sababu dawa hufanya maji yakusanyike mwilini, na ngozi ya kope ni nyembamba. Punguza chumvi, ongeza mto wa pili. Jipime uzito kila asubuhi kwa mzani uleule. Uzito ukipanda ghafla, au ukishindwa kupumua vizuri, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa misuli, nyoosha miguu kabla ya kulala, na omba damu ipimwe potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Usimeze virutubisho kwa kubahatisha.

Pia epuka balungi, maana huongeza dawa kwenye damu. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huipunguza. Kwa hiyo kila anayekuandikia dawa ajue unatumia imatinibu, na mitishamba uitaje pia, hata kama unaona haya.

SWALI: Baba ana GIST iliyosambaa kwenye ini. Picha ya CT ya kwanza tangu aanze imatinibu inasema uvimbe umekua. Dawa imeshindwa?

JIBU: Pengine sivyo, na tunasikitika kwamba wengi hubadilishiwa dawa mapema kwa sababu hii. Seli zikifa, uvimbe huweza kujaa majimaji au damu ukaonekana mkubwa zaidi. Mwombeni mtaalamu wa picha apime pia msongamano wake (yaani jinsi ulivyo mzito au mwepesi kwenye picha), si upana pekee. Msongamano ukishuka kwa asilimia 15 au zaidi, hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kinachotia wasiwasi ni kinundu kipya kigumu ndani ya uvimbe uliokwisha kulainika.

Kisha ulizeni kama jeni za uvimbe zimepimwa. Mwenye mabadiliko kwenye jeni ya KIT, sehemu iitwayo eksoni 9, mara nyingi huhitaji miligramu 800 kwa siku, na mwenye badiliko liitwalo D842V kwenye jeni ya PDGFRA huwa hasaidiwi na imatinibu kabisa. Mara nyingi si lazima akatwe tena: kipande cha nyama kilichochukuliwa mwanzoni huhifadhiwa maabara ndani ya nta, na hicho ndicho hupimwa.