Jibu: Kituo cha sera za umma chuoni si tawi la chama

Ndugu, umeuliza kama mwanao, anayesoma chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) huko California kwa viza ya mwanafunzi, akijiunga na kituo cha sera za umma na ushiriki wa kiraia ataingizwa kwenye siasa za vyama. Ajiunge bila wasiwasi, kwa kuwa vyuo hivyo ni vya umma na haviruhusiwi kukipigia chama chochote kampeni. Kituo cha De Anza College, kwa mfano, kina jina la John Vasconcellos, aliyetumikia bunge la jimbo kwa miaka 38. Kazi yenyewe, ambayo kwangu ina thamani kuliko mihadhara mingi, ni mwanafunzi kusoma ajenda ya baraza la jiji, tuseme kuhusu taa za barabarani karibu na kituo chake cha basi, kisha kusimama mbele ya kipaza sauti na kutoa hoja kwa dakika mbili au tatu.

Jambo moja nakusihi umweleze mapema: kwenye meza za kituo hicho atakuta fomu za kujiandikisha kupiga kura. Asizijaze wala kuzitia sahihi, hata akihimizwa kwa nia njema, kwa sababu asiye raia akijiandikisha anaweza kunyimwa uraia baadaye au hata kufukuzwa nchini. Kuandaa mijadala na kuhudhuria vikao anaruhusiwa kama mwanafunzi mwingine yeyote.