Kabla ya kuuliza kodi Dar, uliza barabara

Mpwa wangu alinipigia juzi nikiwa mnada wa samaki nasubiri changu washuke bei. "Shikamoo mjomba. Nimepata kazi Dar, nipange wapi?"

"Marahaba. Kazi iko barabara gani?"

Kimya. Kazi ni Mwenge, kumbe mwenyewe kichwani ana majina ya mitaa tu: Sinza, kwa kuwa shoga yake anakaa huko, na Kigamboni, kwa kuwa kaiona bahari kwenye picha. Bahari! Mtoto kazaliwa Dunda, anaifuata bahari Kigamboni.

Sisi wa Bagamoyo Dar tunaichukulia kama uani kwetu. Ni kilomita kama 70, unapanda gari la Makumbusho asubuhi, jioni umerudi. Wazee wetu wanapenda kukumbusha kwamba makao makuu ya Wajerumani yalikuwa hapa kabla ya kuhamishiwa Dar mwaka 1891, na siku hizi makao makuu yenyewe yako Dodoma, lakini mtoto akimaliza chuo bado anaangalia Dar. Sasa huku kwenda na kurudi kunatudanganya. Mji unaoujua kwa kwenda kununua vitu Kariakoo siyo ule utakaolala.

Mimi nimelala huko miaka saba, vyumba vitatu, na viwili kati ya hivyo nilivichagua kijinga.

Cha kwanza kilikuwa Kigogo, upande wa bondeni, Agosti 2013. Jua kali, vumbi, dalali anatembea mbele anapiga mluzi. Chumba kizuri, rangi mbichi bado inanukia, kodi ya chini hata nikaogopa kuuliza mara mbili wasije wakagundua wamekosea. Mambo mawili niliyaona nikayacheka. Soketi ya umeme ilikuwa usawa wa kifua changu, nikadhani fundi alikuwa mrefu. Na mlangoni kulikuwa na kizingiti cha saruji kinachofika magotini, nikadhani ni cha kuzuia kuku. Aprili 2014 mto Msimbazi ulinieleza maana ya vyote viwili. Niliamka usiku nikashusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Jirani yangu, mama mtu mzima, wala hakupiga kelele. Alikuwa ameshapandisha friji juu ya meza, amekaa pembeni yake na tochi, akaniambia, "Pole baba, wewe mgeni." Kitanda chake kilikuwa juu ya matofali tangu Februari. Mafuriko ya Desemba 2011 yalishampitia, na baadhi ya wenzake wa bondeni walipelekwa Mabwepande. Yeye alibaki, maana Mabwepande ni mbali na biashara yake.

Kwa hiyo ukionyeshwa chumba kiangazi, angalia ukuta chini ya rangi. Maji yakikaa huacha mstari, na chokaa ya juu haiufichi vizuri ukiutazama kwa ubavu. Tazama soketi. Tazama vitanda vya majirani.

Nikakimbia bonde nikaenda Mbagala, na hapo ndipo nilipojifunza habari ya barabara. Ukitoka katikati ya Dar, barabara kubwa ni nne, zimetawanyika kama vidole: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere inayokwenda Gongo la Mboto, na ya Kilwa. Asubuhi watu wote wanashuka kwenye kiganja, jioni wote wanapanda. Ukikaa kidole kimoja na kazi iko kidole kingine, unalipa kwa mwili. Mimi Mbagala nilikaa kidole cha Kilwa, kazi yangu Mwenge, kidole cha Bagamoyo. Kodi ilikuwa karibu nusu ya Sinza nikajiona mjanja. Saa kumi na nusu alfajiri niko kituoni, na ili nipate siti napanda gari linalokwenda mwisho wa ruti, nageuza nalo, nalipa nauli mara mbili. Mjini nashuka, naanza kugombania la Mwenge. Usiku nafika saa tatu. Mtu aliyefika kwake saa tatu hapiki, ananunua chipsi. Mwisho wa mwezi nilipopiga hesabu ya nauli, kugeuza na chipsi, ule unafuu wa kodi sikuuona.

Chumba cha tatu nilichukua Tegeta, kidole kimoja na kazi, na nilikaa miaka minne bila kuwaza kuhama. Jumamosi narudi nyumbani bila hata kuingia mjini.

Wenye kazi isiyo na kituo kimoja, mafundi hasa, nawashauri wakae karibu na barabara zinazokatiza vidole: Mandela, inayotoka Ubungo kupita Tabata na Buguruni kuelekea bandarini, na Sam Nujoma kati ya Mwenge na Ubungo. Tabata haina sifa mjini lakini unatokea popote. Kimara ilibadilika mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, ila Jangwani, njiani kwenda mjini, ikijaa maji barabara hufungwa na mabasi hayapiti. Kigamboni inamfaa mwenye kazi Posta, katikati ya mji. Wa Mwenge atavuka kwa panton asubuhi kisha aanze safari upya, au azungukie daraja la Kurasini.

Habari ya dalali ni fupi: atataka hela ya kuonyesha, kisha kodi ya mwezi mmoja iwe yake, na mwenye nyumba atataka miezi sita mkononi. Usilipe siku hiyo hiyo. Rudi usiku, peke yako, umuulize mama anayekaanga mihogo pale nje kama maji yanatoka na kama LUKU, mita ya umeme, mnachangia. Yeye hana asilimia.

Na maji yaonje. Visima vingi vya Dar ni vya chumvi. Paka sabuni mkononi, ikikataa kutoa povu ujue utanunua madumu.

Jana mpwa wangu kanipigia tena. Yuko Boko, ndani ya chumba, dalali yupo mlangoni. Barabara ni ile ile ya Mwenge, ukuta kautazama, soketi ziko chini. Nikamwambia afungue bomba aniwekee simu karibu. Nikasikia likikohoa, likapuliza upepo, likakohoa tena.

"Mjomba, anasema leo tu ndiyo yamekatika."

"Mwambie utarudi kesho. Ukitoka hapo, hesabu madumu ya njano yaliyopangwa nje, kisha unipigie."

Alihesabu kumi na manane.