Je, maji taka ya Nairobi hufika Malindi?

SWALI: Naishi Kayole, si mbali na Mto Nairobi, na naona kila siku uchafu unaoteremka pale. Desemba tunawapeleka watoto Malindi. Mara ya mwisho tulikuta bahari ina rangi ya chai ya maziwa, na mwenyeji mmoja akatuambia, "Hayo ni maji yenu ya Nairobi." Ni kweli? Na nikipeleka sampuli maabara wakapima E. koli, bakteria wa kinyesi, jibu hilo litanitosha?

JIBU: Kuhusu maji mwenyeji wenu alisema kweli, kuhusu rangi amewaonea. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikikutana na Tsavo huitwa Galana, ikikaribia pwani huitwa Sabaki, na humwaga baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Rangi ile ni udongo, ambao mvua huuzoa hasa kwenye mashamba na malisho yaliyo wazi njiani. Na Desemba ndio wakati wake: mvua za vuli zimejaza mto, kisha upepo wa kaskazi unausukuma udongo huo kusini, kwenye fuo za mji. Kipindi cha upepo wa kusi huelekea Mambrui, upande wa kaskazini.

Sasa vimelea. Mililita 100 tu za maji taka mabichi huwa na mamilioni ya E. koli, lakini bakteria hao wamezoea utumbo wenye joto na chakula tele. Mtoni wanakuta jua, njaa na viumbe vidogo vinavyowala. Tuchukulie kwamba asilimia 90 hufa kila siku mbili, makadirio ya kawaida kwa mto wa nchi ya joto. Mto ukienda nusu mita kwa sekunde hukata kama kilomita 43 kwa siku, na safari ya karibu kilomita 400 huchukua siku tisa hivi. Mlioanza nao milioni 10 wamebaki kama 300, na hapo sijahesabu maji ya mito mingine yanayowazimua.

Mto ukifurika, hesabu hiyo haishiki. Mwendo ukiongezeka mara tatu, safari ni siku tatu, na kwa hesabu ileile wanabaki zaidi ya laki tatu kabla ya kuzimuliwa. Tope nalo linawakinga na jua: kwenye maji maangavu ya bahari, jua la mchana linaweza kuua sehemu kubwa ya E. koli kwa saa chache, ila kwenye maji ya rangi ya chai miale haifiki mbali. Wengine hujishikiza kwenye chembe za udongo, wakatua chini, wakaibuliwa na mafuriko yanayofuata. Kuna pia wasiojali safari: virusi vya homa ya ini aina ya A, na kriptosporidia, kimelea cha kuhara, huweza kuvumilia majini wiki kadhaa.

Hata hivyo, mimi ningewaogopa zaidi vimelea wa karibu. Miji ya pwani imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi, na maji ya shimo la choo hupenya humo hadi baharini bila kuchujika vizuri. Kinyesi hicho hakijasafiri siku tisa. Tena mdomo wa Sabaki una viboko, ambao nao huchangia E. koli, na kipimo cha kawaida hakitofautishi E. koli wao na wa binadamu.

Kwa hiyo E. koli peke yake haitoshi. Hufa mapema kwenye chumvi, ukapata jibu safi huku virusi bado vipo. Omba wapime enterokoki, bakteria wengine wa kinyesi wanaostahimili maji ya bahari zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2003 uliweka daraja la juu kwa fuo zisizovuka 40 katika mililita 100, na la chini kabisa kwa zinazovuka 500. Viwango hivyo ni vya sampuli nyingi za msimu mzima. Chupa yako moja itakueleza habari za asubuhi ile tu. Mimi nisingetoa pesa zangu kwa hilo. Kaeni mbali na mdomo wa mto na mifereji ya mvua, msiogelee siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, na mwenye kidonda asiingie kwenye maji ya tope.

Ila mama, watoto wako wako hatarini zaidi hapo Kayole kuliko Malindi. Wasicheze kando ya mto, kwa sababu hapo vimelea ni wabichi kabisa. Mboga za bondeni huko Njiru na Ruai, nyingine humwagiliwa maji hayohayo. Kwa upande wa vimelea, sukuma wiki ikiiva vizuri haina neno. Dhania ya kachumbari ndiyo ningemuuliza muuzaji inatoka shamba gani.