Norton Commando: raba mpya, mtetemo uleule

Ikiwa umebadilisha raba za vishikio vya injini kwenye pikipiki ya Norton Commando na mtetemo haujapungua, tatizo ni nafasi ya pembeni ya vishikio hivyo, si raba. Kwenye Commando za kabla ya 1975 nafasi hiyo hupangwa kwa shimu, yaani washa nyembamba za kujazia. Ikiwa sifuri, washa zinasugua vifuniko vya chuma na mtetemo wote unapita kwenye fremu, hata raba ziwe mpya kabisa. Kitabu cha kiwanda kinataka inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Wengi huishia inchi 0.006 hadi 0.008 ili pikipiki itulie kwenye kona.

Isimamishe kwa stendi ya katikati, kaza bolti kuu ya kishikio mpaka mwisho, sukuma injini upande mmoja, kisha ingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) upande wa pili, kati ya washa na kifuniko. Pima kishikio cha mbele na cha nyuma, halafu ongeza au punguza shimu. Ukipima bolti ikiwa legevu, kipimo ni cha uongo. Kutu chini ya vifuniko vya vumbi nayo hula nafasi yote, kwa hiyo safisha kwanza. Paka grisi ya silikoni. Ya kawaida huvimbisha raba.

Angalia pia raba za kishikio cha juu ya silinda hedi na za silensa. Mafundi wengi huziruka, na hapo ndipo mtetemo unapopitia.

Ila usitarajie itulie ikiwa sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kuongezwa mafuta. Chini ya mizunguko kama 2,500 kwa dakika injini hucheza ndani ya fremu, ndivyo ilivyoundwa.