Jina Kwenye Fomu ya Sacco, Wosia na Urithi: Maswali Yenu

Nilijiunga na sacco nikiwa sijaoa, nikamwandika mama kuwa mrithi wa akiba yangu. Sasa nina mke na watoto, na wosia wangu unasema akiba hiyo ni ya mke wangu. Nani atalipwa? (Mwalimu, Kakamega)

Mama yako ndiye atakayelipwa, Mwalimu, nawe ukitaka iwe vinginevyo usingoje. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya kinakiruhusu chama kumkabidhi mteuliwa, yaani mtu aliyeandikwa kwenye fomu, hisa na haki za mwanachama aliyefariki, na Mahakama Kuu imewahi kuamua kwamba fedha zenye mteuliwa haziingii katika mirathi. Wosia hugawa mali iliyomo katika mirathi tu. Kwa hiyo ibara hiyo ya wosia wako, hata ikiwa imeshuhudiwa na watu wawili kama sheria inavyotaka, itakuwa inagawa fedha ambazo hazimo. Nenda ofisini, omba uonyeshwe fomu iliyomo kwenye faili yako, ujaze mpya, kisha uondoke na nakala iliyopigwa muhuri na kutiwa tarehe. Mweleze mama pia, kwa sababu mzozo wa mke na mkwe juu ya fedha za marehemu huwaumiza watoto kuliko mtu mwingine yeyote. Kumbuka vilevile kwamba sacco hukata kwanza mkopo uliobaki.

Baba aliniandika benki kuwa jamaa wake wa karibu. Amefariki, na benki imekataa kunilipa. Ni haki? (Msomaji, Nakuru)

Pole kwa msiba. Benki iko sahihi, kwa kuwa jina la jamaa wa karibu huiwezesha kujua wa kumtafuta, wala halimfanyi mtu huyo kuwa mwenye fedha. Akiba hiyo ni sehemu ya mirathi, na itagawanywa kwa wosia au, pasipo wosia, kwa Sheria ya Urithi. Mtahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, ombi mahakamani na tangazo katika Gazeti Rasmi. Na kwa kawaida hati ya usimamizi, inayomruhusu mtu kusimamia mali ya marehemu, huthibitishwa baada ya miezi sita. Nakusihi, msitumie kadi ya marehemu kutoa fedha, hata za mazishi, kwani kifungu cha 45 kinakuhesabu kuingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa la jinai.

Na pensheni ya kazini? (Msomaji, Thika)

Haimo katika mirathi. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinawaagiza wadhamini walipe kwa kanuni za mfuko, basi zisome kanuni zenu.

Mimi ni Mwislamu. Je, naweza kumteua binti mmoja apate akiba yangu yote ya sacco? (Mama, Malindi)

Sheria ya Urithi inauacha urithi wa Waislamu chini ya sharia, ambayo haikubali wasia upite theluthi ya mali, wala kumwusia mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake. Ukimteua kwa nia ya kuwanyima wengine, Mama, unamwachia binti yako kesi mbele ya Kadhi. Naona ni salama zaidi umteue awe mpokeaji wa kuwagawia wenziwe kwa mafungu yao, uliandike hilo, na uwaambie wote ungali hai.