Kabla ya mashine, kuna kifuniko cha chupa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima isotopi za oksijeni kwenye maji, yaani aina zake nyepesi na nzito, huku Dodoma, najua hamu yenu iko kwenye mashine ya leza inayozipima. Mimi nawarudisha kwenye chupa.

Karibu oksijeni yote ya maji ni oksijeni-16. Ile nzito, oksijeni-18, ni kama 0.2% tu. Jua likipiga, chembe nyepesi hutangulia kuruka na mvuke, nzito hubaki. Ndiyo maana maji ya bwawa la Hombolo mwezi wa Oktoba hayafanani na ya kisima kirefu cha Makutupora, ingawa yote asili yake ni mvua. Na mvua kubwa kwa kawaida ina oksijeni-18 pungufu kuliko manyunyu, hivyo kisima kinaweza kukudokeza kilijazwa na mvua ipi.

Sasa, jua hilo hilo halijui kwamba chupa yako ni sampuli. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza chupa robo tatu, zikashinda nyuma ya pikapu, kisha zikakaa wiki kadhaa dirishani. Majibu yakaonyesha visima vyote kama madimbwi. Nikaandika kurasa mbili tamu kuhusu bwawa linalovujia ardhini. Dreva wetu akauliza, "Bwawa lipi, kaka? Pale si vichaka vitupu?"

Mtasema kuna mstari wa mwanajiokemia Harmon Craig wa 1961, unaofuatwa na maji ya mvua: tofauti ya haidrojeni nzito na ile ya maji ya bahari, kwa kila elfu, ni mara 8 ya tofauti ya oksijeni-18, jumlisha 10. Kweli, maji yaliyopoteza mvuke huanguka chini ya mstari huo. Ila mstari haukwambii yaliupotezea bwawani au dirishani kwako.

Jaza chupa mpaka ifurike, funga, igeuze kichwa chini. Kiputo kikipanda, mwaga uanze upya. Pima uzito siku hiyo hiyo, pima tena kabla ya kuipeleka maabara. Ikipungua, itupe bila huruma. Tindikali haihitajiki, wala friji.

Maji yaliyolala kwenye bomba la kisima lazima yatolewe kwanza, lakini usiyamwage chini mbele ya foleni ya ndoo. Fika saa tatu, akina mama wakiwa wameshapampu tangu alfajiri. Wasalimie kwa Kigogo, "Mbukwenyi," uombe zamu yako ya chupa moja.